Chumvi ya Barabarani

Kwa Shemsa, kabla hujakabidhiwa funguo pale Inverness

Gari watakalokupa litanukia upya na ndimu.
Lizunguke kwanza. Futa vioo vyote,
si tundu la kuchungulia kama la bawabu.
Futa taa. Futa na theluji ya juu ya paa,
maana ikiteleza itamwangukia usoni anayekufuata.

Ukishapita Lairg barabara itavua nusu yake.
Itabaki njia moja ya kwenda na kurudi,
upana wa mkeka wa watu wawili wasiogombana.
Utaona vibao vyeupe juu ya nguzo,
na chini yake lami imevimba kidogo
kama shavu lenye tonge.
Hapo ni pa kupishana. Si pa kuegesha,
si pa kupiga simu, si pa kupiga picha.
Nasema hivyo kwa sababu mimi nilipiga.

Januari yangu ya kwanza, saa tatu asubuhi,
jua lilikuwa bado halijaamua.
Mlima ukageuka waridi, nikasema: dakika moja tu.
Nikaliacha gari kwenye shavu lile,
nikashuka hadi ukingo wa ziwa kutafuta pembe nzuri.
Niliporudi
lori la chumvi lilikuwa uso kwa uso na basi dogo la shule,
na mahali pekee pa kupishana
nilikuwa nimepakalia mimi.
Watoto kumi na mmoja walinitazama
kupitia mvuke wa pumzi zao.
Morag wa lori hakupiga honi. Heri angepiga.
Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani,
salamu ileile anayompa kila mtu,
akangoja nitafute funguo mfuko hadi mfuko.

Dakika ishirini, Shemsa. Sikutozwa faini.
Lakini ng'ambo ya kilima
chumvi ilichelewa dakika ishirini,
na Hector wa posta hakuchelewa.

Hakuumia. Gari lake lililala ubavu mtaroni.
Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
mimi nilipewa sepetu siku hiyohiyo,
nikachimba pamoja nao, na hakuna aliyeuliza
ni nani aliyeziba njia. Walikuwa wanajua.
Barua zilikaushwa jikoni kwa akina Mackay.
Ya mama yako bado ninayo, inanuka mboji,
wino umekimbia pale alipoandika "sote hatujambo".

Kwetu aliyekula chumvi nyingi huaminiwa.
Huku hata barabara huila,
na isiyoila hung'aa tu, kama iliyolowa umande.
Barafu ile haina rangi. Utaisikia kabla ya kuiona:
matairi yatanyamaza ghafla.
Yakinyamaza, usikanyage breki.
Inua mguu polepole, kama unayetoka
chumba alimolala mtoto mchanga.

Ukikutana na mtu, aliye karibu na nafasi ndiye arudi nyuma.
Usipime nani ana gari kubwa.
Nafasi ikiwa kulia kwako, usivuke;
simama mkabala nayo, mwenzio ataingia.
Na taa zikikuganda mgongoni, jisogeze, mpishe.
Huenda ni mkunga. Huenda amechelewa tu,
na kuchelewa tu pia ni haki ya mwenye kwao.
Kondoo hawana haki wala haraka. Zima redio, ngoja.

Kisha shukuru. Kidole kimoja, usiachie usukani.
Ukipunga mkono mzima watadhani gari linaungua.

Usinipigie simu njiani kuniambia umefika wapi.
Nitaona taa zako zikishuka kilimani,
zikisimama, zikingoja mtu, zikiendelea.
Wali ukipoa nitaupasha.